Shule, Mgodi na Mwalo: Kuunganisha Elimu na Ajira za Vijana katika Kanda ya Dhahabu ya Geita

Kata ya Nkome, iliyoko Wilaya ya Geita kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, ina utajiri wa pande mbili ambao kata nyingi nchini Tanzania hazina, kwa kuwa mbele yake liko ziwa lenye sangara, sato na dagaa, na nyuma yake iko ardhi ya dhahabu inayochimbwa na kampuni kubwa pamoja na maelfu ya wachimbaji wadogo. Mkoa wa Geita wenyewe, uliotangazwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, ulikuwa na watu 2,977,608 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na sehemu kubwa ya watu hao ni watoto na vijana. Pamoja na utajiri huo, kijana anayemaliza kidato cha nne katika ukanda huu unaoanzia mwambao wa Nkome hadi Kahama na Shinyanga hukuta kwamba cheti alichonacho hakimwingizi mgodini, hakimwongezei kipato mwaloni, yaani mahali ufukweni ambapo mitumbwi hushusha samaki, wala hakimsaidii kupata mkopo, ilhali wenye karakana, wenye mitambo ya kuchenjua dhahabu na wenye mitumbwi ya uvuvi wanalalamika kwamba mafundi wa kutegemewa ni wachache. Ili pande hizi mbili zikutane, shule, chuo, mwajiri na halmashauri hawana budi kukubaliana mapema, kijana akiwa bado masomoni, ni ujuzi gani utakaohitajika, utafundishwa wapi, na nani atakayeugharimia.

Ukubwa wa tatizo

Kwa tafsiri iliyotumika kitaifa katika Utafiti wa Nguvu Kazi wa mwaka 2014, asilimia 10.3 ya nguvu kazi ya Tanzania Bara, yaani watu wa miaka 15 na kuendelea wanaofanya kazi au walio tayari kuifanya, hawakuwa na ajira. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 35, ambao ndio wanaohesabiwa kuwa vijana kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kiwango hicho kilikuwa asilimia 11.7. Tarakimu hizo zinaweza kumfanya msomaji aone kwamba tatizo si kubwa sana, lakini haziangazi kile ambacho wachumi hukiita ajira isiyotosheleza, yaani hali ya mtu kuwa na kazi ambayo saa zake ni chache kuliko anazozitaka, au ambayo haifikii ujuzi na elimu aliyonayo. Kijana wa Nkome anayeanika dagaa kwa wiki mbili za giza la mwezi, kisha akapanda gari kufuata rashi, yaani mahali ambako dhahabu imegunduliwa ghafla na watu wakakimbilia kwa wingi, na baada ya mwezi mmoja akarudi kubeba mizigo mwaloni, hatokei katika orodha ya wasio na ajira, ingawa hana kazi inayomwezesha kupanga maisha ya mwaka unaofuata.

Kwa hiyo, katika ukanda huu suala la ajira lina sura mbili. Wapo wasio na kazi kabisa, na wapo wengi zaidi wanaofanya kazi kila siku bila ujuzi wao kukua, bila cheti kinachoutambua, na bila kipato chao kupanda kadiri miaka inavyokwenda. Mpango wowote unaolenga kuwatafutia vijana nafasi katika migodi mikubwa pekee utalisaidia kundi dogo na kuliacha lile kubwa.

Safari ndefu ya kuunganisha elimu na kazi

Wazo la kuunganisha elimu na kazi si geni nchini Tanzania. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akipinga mfumo uliorithiwa kutoka kwa wakoloni ambao uliwaandaa wachache kwa kazi za ofisini na kuwafanya walio wengi wajione wameshindwa, na akataka shule iwe sehemu ya jamii inayozalisha, yenye mashamba na karakana zake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza uzito wa jambo hilo kwa kuharakisha elimu ya msingi kwa wote na kwa kutaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utekelezaji wake ulikumbwa na upungufu wa vifaa na walimu, hasa uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, na katika shule nyingi kazi ikabaki kuwa kulima shamba la shule bila mwanafunzi kufundishwa sayansi ya udongo wala hesabu za gharama na mapato.

Awamu ya sasa imeanza na fursa kubwa zaidi pamoja na shinikizo kubwa zaidi. Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za umma, jambo lililoongeza sana idadi ya wanafunzi, na kwa hiyo idadi ya wahitimu wanaoingia katika soko la ajira. Mitaala mipya inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023, ilianza kutumika Januari 2024, nayo imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, ambayo ni mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi husoma fani ya kazi, kama vile ujenzi, umeme, ushonaji, kilimo au uchomeleaji, sambamba na masomo ya kawaida. Hayo ni mabadiliko ya maana, lakini historia inatoa onyo moja: tangu mwaka 1967 wajibu wa kuunganisha elimu na kazi umekuwa ukibebeshwa shule peke yake, huku mwajiri akisubiri mwishoni ili apokee au akatae kilichoandaliwa. Mkondo wa amali usio na karakana ya kutosha, usio na mwalimu aliyewahi kufanya kazi katika fani husika, na usio na mwajiri anayempokea mwanafunzi kwa mazoezi, utazalisha aina nyingine ya cheti kisichotambulika mtaani.

Mahitaji ya migodi mikubwa

Mgodi wa Dhahabu wa Geita, unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mgodi wa Bulyanhulu ulioko Msalala, mkoani Shinyanga, ukafuata mwaka 2001. Sekta ya madini imekua kiasi cha kuvuka asilimia 10 ya pato la taifa mwaka 2024, lakini kazi katika migodi mikubwa hufanywa zaidi na mitambo, kwa hiyo wanaohitajika ni watu wachache wenye ujuzi wa juu, kama vile mafundi wa mitambo mizito, mafundi umeme wa viwandani, wachomeleaji, wapima migodi na wasimamizi wa usalama kazini. Tena mahitaji hayo hubadilika, kwani Mgodi wa Geita ulipohama hatua kwa hatua kutoka mashimo ya wazi kwenda kwenye uchimbaji wa chini ya ardhi, dereva aliyezoea kuendesha lori la mawe juani hakuweza kuhamia moja kwa moja kwenye mtambo wa kuchoronga mwamba ndani ya handaki, ambako hewa husukumwa kwa feni na kila hatua ina taratibu zake za usalama.

Upo mfano wa Kitanzania unaoonyesha kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa. Chemba ya wamiliki wa migodi, kampuni za madini za Kanda ya Ziwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, inayojulikana kwa kifupi kama VETA, waliungana kuanzisha mafunzo maalumu ya ufundi wa migodini katika chuo cha VETA Moshi, ambapo vijana husoma chuoni kwa vipindi na kufanya mazoezi migodini kwa vipindi, kwa mtaala ulioandaliwa kwa kuwashirikisha waajiri wenyewe. Nguvu ya mpango huo ni kwamba kampuni haikusubiri mhitimu amalize ndipo ilalamike kuwa hajui kitu, bali ilishiriki kuamua afundishwe nini na kumpa mahali pa kujifunzia. Upungufu wake kwa kijana wa Nkome ni umbali, kwa kuwa Moshi iko upande mwingine wa nchi. Sasa Mkoa wa Geita una chuo chake cha VETA, ambacho ni miongoni mwa vyuo vinne vya mikoa vilivyojengwa katika miaka ya karibuni pamoja na vile vya Njombe, Rukwa na Simiyu, na kwa sababu hiyo hakuna tena hoja ya kwamba mafunzo ya namna hiyo hayawezi kutolewa karibu na dhahabu yenyewe.

Sheria nayo imekwisha kufungua njia. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni kuwasilisha kwa Tume ya Madini mpango unaoonyesha, pamoja na mambo mengine, ajira na mafunzo atakayotoa kwa Watanzania. Mipango hiyo ni hazina ya kile kinachoitwa taarifa za soko la ajira, yaani maelezo ya kazi zipi zitahitaji watu, wangapi, wa ujuzi gani na kwa wakati gani. Mgodi wa Nyanzaga wilayani Sengerema, ambao uamuzi wa mwisho wa kuujenga ulifanywa mwaka 2025, ni kipimo kizuri cha jambo hili, kwa sababu mgodi hujengwa kwa miaka kadhaa kabla ya dhahabu ya kwanza kutoka, na mafunzo ya fundi stadi huchukua muda kama huo huo. Iwapo wakuu wa vyuo watapata mahitaji ya mgodi siku ujenzi unapoanza, watakuwa na wahitimu siku uzalishaji unapoanza. Wakiyasoma katika tangazo la kazi, watakuwa wamechelewa.

Hata hivyo, mgodi una mwisho wake. Mgodi wa Buzwagi uliopo Kahama ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufikia mwaka 2021 shughuli zake zilikuwa zimefikia ukingoni, maana yake mtoto aliyezaliwa mwaka mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza darasa la saba ulipofungwa. Kwa hiyo haifai kumfundisha kijana kazi ya mgodi mmoja tu. Anayejua umeme wa viwandani, mifumo ya majimaji inayoendesha mitambo, au uchomeleaji wa viwango, ataweza kuhamia kiwanda cha kukoboa mpunga Kahama, kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, kiwanda cha kuchakata samaki Mwanza, au kuanzisha karakana yake. Mafunzo yanayolingana na soko ni yale yanayomwezesha kijana kuhama na soko linapohama.

Soko lisilobandika matangazo

Sehemu kubwa ya kazi za ukanda huu iko kwa wachimbaji wadogo, kwa wavuvi na kwa mafundi wa mitaani, ambao hawatoi matangazo ya kazi magazetini na hawana ofisi ya rasilimali watu. Huko ndiko elimu na kazi zilikotengana zaidi, na mifano miwili inatosha kuonyesha jinsi masomo yanayofundishwa darasani yanavyopita kando ya riziki za watu.

Mfano wa kwanza unatoka kwenye uchenjuaji, yaani kazi ya kuitenganisha dhahabu na mwamba. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Lwamgasa, mawe yanayotolewa kwenye duara, ambalo ni shimo la kuchimbia lililoshikiliwa kwa magogo, husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa juu ya ubao wa mteremko, kisha dhahabu ikanaswa kwa zebaki. Njia hiyo mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo, na mchanga unaobaki, unaoitwa marudio, huuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye mtambo, ambaye huuloweka katika maji ya sayanidi na kupata dhahabu iliyoachwa. Ili sayanidi ifanye kazi na isigeuke kuwa gesi ya sumu, maji hayo lazima yabaki na ubesi mkali, kwa kipimo cha pH kinachozidi 10, na ndiyo maana huwekwa chokaa. Somo la asidi na besi hufundishwa katika Kemia ya sekondari, na vijana wengi wanaofanya kazi pembeni ya mabwawa hayo walilifanyia mtihani, lakini hakuna aliyewaonyesha kwamba jambo hilo ndilo linaloamua usalama wao na ndilo linalompa mwenye mtambo faida ambayo wao wameikosa. Kijana anayejua kuchukua sampuli, kuipeleka maabara na kusoma majibu yake, hauzi marudio kwa kukisia. Serikali ilijenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi ili kuwafundisha wachimbaji wadogo njia bora, na shule za sekondari zilizo jirani zingeweza kuvitumia vituo hivyo kama maabara za vitendo.

Mfano wa pili unatoka mwaloni. Mitumbwi mingi inayokwenda mbali ziwani husukumwa na injini za mipigo miwili, ambazo hulainishwa kwa mafuta yanayochanganywa na petroli, na kwa injini nyingi mchanganyiko ulioelekezwa ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya mafuta. Mafuta yakipungua, pistoni hukwaruzika na injini hukamata katikati ya ziwa. Yakizidi, plagi huchafuka na petroli hutumika bila faida. Hesabu inayotakiwa hapo ni uwiano, mada ya shule ya msingi, na hasara ya kuikosea huweza kuwa injini nzima yenye thamani ya mamilioni ya shilingi, pamoja na hatari kwa maisha ya waliomo. Mwaloni kuna pia kazi ya kuanika dagaa, ambayo kwa kiasi kikubwa hufanywa na wanawake, na ambapo dagaa walioanikwa juu ya chanja hukauka wakiwa safi na kuuzwa bei nzuri kuliko walioanikwa mchangani. Kuna barafu, majokofu na taa za sola za kuvulia dagaa. Na kuna ufugaji wa samaki kwa vizimba, ambao Serikali iliuongezea nguvu mwaka 2024 kwa mikopo nafuu katika Kanda ya Ziwa. Kila moja ya shughuli hizo inahitaji fundi, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye kampasi Nyegezi jijini Mwanza, unafundisha mengi kati ya hayo, lakini kozi fupi zinazofuata watu mwaloni zingewafikia vijana ambao hawawezi kuacha kazi kwa mwaka mzima.

Uanagenzi na utambuzi wa ujuzi

Njia iliyothibitika zaidi duniani ya kuunganisha mafunzo na kazi ni uanagenzi, yaani utaratibu wa kijana kujifunza kazi chini ya fundi kwa mkataba, huku akisoma nadharia darasani. Ujerumani, ambayo iliuwekea utaratibu huo sheria ya taifa mwaka 1969, humfanya mwanagenzi akae kazini siku tatu au nne za wiki na shuleni siku zinazobaki, akilipwa posho na mwajiri, na mtihani wake wa mwisho husimamiwa na chemba za biashara na za mafundi. Tanzania haihitaji kuiga kila kitu, kwa kuwa Ujerumani ina kampuni nyingi zilizosajiliwa na vyama vya waajiri vyenye nguvu, lakini kanuni ya msingi inafaa popote: mwajiri anashiriki kufundisha na kutahini. VETA imekuwa ikitumia utaratibu wa namna hiyo katika baadhi ya vyuo vyake kwa jina la uanagenzi pacha, na mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa mafunzo ya uanagenzi.

Katika Geita na Shinyanga uanagenzi tayari upo, ingawa haujaandikwa popote. Kila karakana ya uchomeleaji ina vijana wanaojifunza kwa kutazama na kushika, na kila fundi wa injini ana wasaidizi wake. Kinachokosekana ni mkataba unaomlinda kijana, nadharia inayompa sababu ya kile anachokitenda, vifaa vya kujikinga, na cheti mwishoni. Kwa wale ambao wamekwisha kuwa mafundi bila kukanyaga chuo, VETA huwatahini na kuwapa vyeti kupitia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi mwenye cheti hicho anaweza kuomba zabuni, kupata kazi kwa wakandarasi wa migodi na kuendelea na masomo ya ngazi ya juu, kwa hiyo utaratibu huo ungestahili kufanyika kila mwaka katika miji na mialo mikubwa.

Fedha na mamlaka vipo

Hoja ya kwamba mpango wa namna hii ni ghali ina ukweli, lakini vyanzo vya fedha vimekwisha kuwepo kisheria. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kiwango chake kilikuwa asilimia 6 ya malipo ya wafanyakazi na kikashushwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na ni haki kwa wanaoilipa na kwa vijana wanaohitaji kufundishwa kwamba fedha zake zielekezwe zaidi kwenye mafunzo ya ufundi na uanagenzi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri kuhusu utekelezaji wake, na kwa hiyo halmashauri inayopendekeza karakana za shule za amali pamoja na mishahara ya mafundi wakufunzi inafanya jambo lililo ndani ya sheria. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo ukitanguliwa na mafunzo na cheti, kikundi cha vijana kitanunua mashine ambayo wanajua kuitumia na kuitengeneza, na uwezekano wa kurejesha fedha utakuwa mkubwa zaidi.

Wapo wanaohofu kwamba elimu ikifungamanishwa mno na soko la ajira itamfanya mtoto wa mvuvi aandaliwe kuwa mvuvi na mtoto wa mchimbaji kuwa mchimbaji, huku watoto wa wenye uwezo wakiendelea na vyuo vikuu. Hofu hiyo ina msingi na inapaswa kujibiwa kwa vitendo, kwa kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa mkondo wa amali anasoma lugha, Hisabati na sayansi kwa kiwango cha heshima na kwamba njia ya kuelekea elimu ya juu inabaki wazi kwake. Wasichana nao waingie katika fani za umeme, mitambo na uchenjuaji kwa haki sawa, na wale walioacha shule, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi, wapewe nafasi halisi ya kumalizia masomo yao. Mfano wa petroli na mafuta unaonyesha kwamba kusoma na kuhesabu vizuri ndiyo msingi wa ufundi wowote, na shule inayoshindwa hapo haiwezi kuokolewa na karakana.

Yote haya yanahitaji mahali pa kukutania, na mahali hapo ni halmashauri, ambayo inazijua shule zake, inakusanya ushuru wa mialo na inasaini mipango ya huduma kwa jamii na migodi. Kikao cha kila mwaka cha halmashauri, chuo cha VETA, maofisa wa madini na uvuvi, wawakilishi wa migodi, vyama vya wachimbaji wadogo, vikundi vya wavuvi na mafundi wa karakana kingeweza kutoa orodha ya fani zinazohitajika kwa miaka mitatu ijayo, majina ya karakana zitakazopokea wanagenzi, na idadi ya wahitimu wa mwaka uliopita waliopata kazi au waliojiajiri. Orodha hiyo ibandikwe katika kila shule ya sekondari, ili mzazi na mwanafunzi wa kidato cha pili wachague wakiwa na taarifa, na mwaka unaofuata wahusika waulizwe hadharani wametimiza nini. Vijana wa Nkome, Lwamgasa na Kahama hawajawahi kukosa bidii ya kazi. Wanastahili elimu inayoipa bidii hiyo thamani, na waajiri wanaofaidika na ardhi na ziwa lao wanawajibika kushiriki kuijenga elimu hiyo tangu darasani.